Mapengo ya Jina

Ngozi ilikuwa bado imetandazwa juu ya meza, imebanwa pembe zote nne kwa mawe madogo, na Inspekta aliisoma kwa namna pekee aliyoiweza mtu asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania. Aliihesabu. Mistari arobaini na miwili. Nafasi nyeupe zilizoachwa katikati ya maneno, kila moja upana wa kucha mbili, thelathini na mbili. Thelathini na moja hazikuwa na kitu. Moja tu, katikati ya safu ya pili, ilikuwa na herufi nne, nyeusi kuliko maandishi yote yaliyoizunguka.

"Afande, hiki chumba kina watu," Koplo alisema kutoka kizingitini.

"Kina mimi."

"Watu wengine, nasema. Nimelinda hapa siku mbili. Mtu ukiipa mgongo hiyo meza, unasikia kisogo kinakusisimka."

Koplo alikuwa na mwili wa kubeba jokofu peke yake, na tangu asubuhi hakuwa amevuka kizingiti kile hata kwa unyayo mmoja. Inspekta hakumcheka, maana kisogo chake mwenyewe kilikuwa kimesisimka mara mbili. Zile nafasi nyeupe zilikuwa na tabia mbaya: ukizitazama sana, ulianza kuhisi kwamba nazo zinasubiri kitu.

Mwenye chumba aliitwa Mzee Wino na mtaa mzima. Kwa miaka arobaini aliandika kwa mkono, kwa unyoya na wino wa kuchemsha mwenyewe, vitabu vya Sheria vinavyosomwa kwenye sinagogi. Jumanne saa kumi na mbili jioni alikutwa amelala chini, kichwa kimepasuka upande mmoja kwa kona ya jiwe la kusugulia ngozi. Leo ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Saa nane mchana bintiye, mtoto wake wa pekee, angesimamishwa mahakamani kwa kumuua. Akishasomewa shtaka la mauaji, hakuna dhamana, na jalada likishafungwa na mwendesha mashtaka wa kesi hii huwa halifunguki tena bila misumari kung'olewa.

Kesi ilikuwa imekaa vizuri mno. Binti alikuwa amefanya kazi kwa baba yake miaka kumi na minne, akisugua ngozi na kuchemsha wino, na alitaka kitu kimoja tu: aruhusiwe kuandika Jina, lile la Mungu. Baba alikataa. Jumanne saa nane na nusu majirani waliwasikia wakirushiana maneno, kisha binti akatoka kwa hasira, akaenda kiwanda cha ngozi. Aliporudi jioni alifungua mlango wa chumba bila kubisha, mlango ambao katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuufungua hivyo, kana kwamba alijua atakachokikuta. Na pale mezani kulikuwa na Jina moja, limeandikwa kwa mkono ambao mnakili mwingine wa sinagogi aliapa kwamba si wa marehemu.

"Kammaliza baba yake, kisha kaliandika," mwendesha mashtaka alikuwa amesema, akafunga jalada na kwenda kunywa chai.

Inspekta alitazama tena ile nafasi moja iliyojazwa. Ilikuwa ya kumi na saba. Hilo ndilo lililomkera. Mtu aliyesubiri miaka kumi na minne, kwa nini aanzie ya kumi na saba?

*

Binti alikuwa na mikono mikubwa, ngumu, yenye weusi uliokwisha kuzama kwenye ngozi. Aliketi kwenye benchi la mahabusu kama mtu anayesubiri basi lililochelewa.

"Nieleze haya mapengo," Inspekta alisema. "Kwa nini baba hakuandika moja kwa moja?"

"Si kila mnakili anafanya hivyo. Baba ndiyo desturi yake. Maneno mengine aliyaandika siku zote, Jina aliliachia nafasi. Alhamisi asubuhi anakwenda kuoga kwenye birika la sinagogi, anazamisha mwili wote. Anarudi, anachukua kalamu nyingine, anajaza nafasi moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Hakuna kuruka. Na akishaanza kuandika Jina, hasemi. Hata mfalme akiingia akamsalimu, haitiki mpaka herufi ya nne imekauka."

"Na nyie wa nyumbani?"

"Tunakaa kimya. Mama anaweka kigoda nje ya mlango, anazuia watu."

"Jumanne mama alikaa hapo saa mbili nzima. Wewe ukaja, ukafungua. Kwa nini?"

"Nimeshawaambia wenzako mara nne. Taulo lilikuwa kavu." Alisema kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kueleweka. "Nilipitia mlango wa nyuma. Taulo lake la birikani linaning'inia pale pale, nikaligusa na bega. Kavu. Nikafika, mama ananiwekea kidole mdomoni, ananiambia baba anaandika Jina. Bila kuoga? Nikajua hapo kuna jambo. Nikafungua."

"Mama yako hakuliona taulo?"

"Mama alikuwa mbele, jikoni. Na siku hizi baba alikuwa na haraka, kitabu kinadaiwa. Wiki iliyopita alijaza Jumatatu. Akiambiwa anaandika, angebisha vipi?"

Inspekta akamwonyesha picha ya ngozi. Binti aliitazama, kisha akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Ya kumi na saba! Afande, mimi nimegombana na baba kwa ajili ya hizi herufi nne tangu nikiwa na miaka ishirini. Ningepata nafasi ya kuziandika, ningeanza na pengo la kwanza. Huyu alichagua lililokuwa karibu na mkono wake." Akairudisha picha taratibu, kwa ncha za vidole. "Baba alipoipiga ile meza kwa hasira, mimi nilitoka. Neno la mwisho nililomwambia ni kwamba ana moyo mgumu kuliko jiwe lake. Hilo mniandikie, ni kweli. Mengine si kweli."

*

Aliyetajwa kuingia chumbani baada ya binti alikuwa mmoja tu. Watu walimwita Profesa, ingawa hakuna chuo kilichowahi kumwona hata getini. Alikuwa fundi saa. Inspekta aliposukuma mlango wa duka lake alisimama ghafla, asijue kwa nini, mpaka alipoelewa. Ukutani kulikuwa na saa zisizopungua sitini, na hakuna hata moja iliyokuwa ikilia.

"Nimezisimamisha," Profesa alisema. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini. "Zinanisumbua masikio. Ninasikiliza, unajua. Karibu uketi."

"Unasikiliza nini?"

"Ulikuja kuniuliza kuhusu Jina, sivyo?"

Hakungoja jibu. Alianza kueleza, na Inspekta, aliyekuja na maswali matano, alijikuta amekaa kimya kama msichana wa shule. Herufi nne, Profesa alisema: yod, he, vav, he. Wengi wanaamini limetoka kwenye kitenzi cha kuwa: Yule Aliyeko, au Yule Anayefanya vitu viwepo. Musa, pale kwenye kichaka kinachowaka, aliomba jina akapewa jibu linalojizunguka lenyewe. Lakini huenda ni la kale kuliko hata hao waliolitunza. Wamisri walichonga kwenye hekalu lao, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, habari za nchi ya wahamaji wa jangwani, na jina la nchi hiyo linafanana nalo. Wapo wanaosema lilikuwa kwanza la mungu wa tufani, kwamba maana yake ni kuvuma.

"Hakuna anayejua," alisema. "Na tena, hakuna anayejua linavyotamkwa. Waliandika konsonanti tu. Mwishowe lilikuwa la kuhani mkuu, siku moja kwa mwaka, ndani ya hekalu. Hekalu likabomolewa. Watu wakalifikia kwenye maandishi, wakasema Bwana, wakapita. Miaka elfu mbili macho yanaliona na mdomo unapita pembeni. Herufi zimebaki, sauti imepotea. Afande, wewe huoni kwamba hilo ni jambo la kutisha? Sauti iliyo kuu kuliko zote, imepotea kama funguo."

"Na Mzee Wino aliipata?"

"Wanakili hunong'onezana. Baba kwa mwana, mtu anapokaribia kufa." Macho yalimng'aa. "Yeye alikuwa wa tisa katika ukoo wake."

"Ulimwuliza?"

"Miaka sita nilimwuliza. Alikuwa ananicheka. Aliniambia, ndugu yangu, mimi nalijua kwa mkono tu."

Inspekta akafungua daftari. "Jumanne."

"Nilifika saa tisa na nusu. Mama alinifungulia, nikaenda chumbani mwenyewe. Nikafungua mlango, nikamwona amekaa amenipa mgongo. Hakuitika. Nikajua anaandika Jina. Sikukaa hata dakika moja. Nikafunga, nikamwambia mama asimsumbue, nikaondoka."

Alisema vile vile, neno kwa neno, kama ilivyokuwa kwenye maelezo aliyotia saini Jumatano. Mwendesha mashtaka aliyapenda sana maelezo hayo: mzee aliyepigwa na bintiye saa nane na nusu, akajikongoja hadi kitini, akawa anakufa polepole pale pale mbele ya mgeni asiyeelewa. Inspekta akafunga daftari, akasimama.

"Samahani, afande." Profesa alikuwa amemshika mkono wa koti, kwa upole tu. "Binti yake, au mkewe... kuna aliyemsikia? Mwishoni. Alisema kitu?"

Katika kazi ya miaka kumi na tisa Inspekta alikuwa amewapa habari za msiba ndugu, marafiki na wadai, na wote waliuliza nani kaua, au kwa nini. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka kujua marehemu alisema nini, na aliuliza kama mtu mwenye njaa.

"Kwa nini aseme?" akauliza.

"Nauliza tu," Profesa alisema, akamwachia.

*

Daktari aliyempasua marehemu alipokea simu akiwa anatafuna.

"Kichwa kile nakijua. Damu imevujia ndani, polepole. Mtu wa namna hiyo anapigwa, anazimia. Halafu anaweza kuzinduka kidogo, akaongea hata kwa akili timamu. Yule kwa ninavyoona hakuwa na zaidi ya dakika kumi na tano tangu kupigwa. Baada ya hapo usingizi, na usingizi huo hauna kuamka. Alikata roho kama saa moja baadaye."

"Kwa hiyo kama alipigwa saa nane na nusu..."

"Kufika saa tisa kasorobo alikwisha kunyamaza moja kwa moja. Niletee mtu aliyemsikia anaongea, nitakuambia alipigwa lini. Bila hivyo sina la kusaidia."

"Na angewahishwa hospitali? Ndani ya ile saa moja?"

Daktari aliacha kutafuna. "Wengi wao wanapona," akasema.

*

Mjane alikuwa sebuleni na hakugeuka Inspekta alipobisha hodi, wala alipobisha tena. Ilimbidi azunguke mpaka mbele yake. Mama yule mdogo wa umbo, mwenye mtandio wa kijivu, aliinua macho, akashtuka, akatoa donge la pamba kwenye sikio moja, kisha jingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Wanampeleka saa nane?"

"Saa nane. Ndiyo maana nimekuja. Mama, hiyo pamba ni ya nini?"

"Masikio yananiuma."

"Tangu lini?"

Inspekta akavuta kiti, akakaa karibu, magoti yao yakakaribia kugusana. Alianza mbali. Profesa alifika lini? Saa tisa na nusu, ndiyo. Alikaa ndani muda gani? Mama akafikiri. Alikuwa jikoni anashona, alisema. Tangu amfungulie mpaka anatoka, alimaliza pindo la pazia lote, upande hadi upande. Inspekta, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa mshonaji, alijua pindo la pazia halishonwi kwa dakika moja. Kwa nini hakusema hivyo Jumatano? Hakuna aliyemwuliza. Inspekta akamtupia jicho Koplo, aliyesimama mlangoni, na Koplo akaona kitu cha kuvutia sana kwenye dari.

"Akatoka, akapita jikoni, akasema anaandika Jina, usimsumbue. Nikamfungulia, akaenda zake. Nikachukua kigoda changu, nikakaa."

"Ukakaa kimya."

"Kimya."

"Na ndani kulikuwa kimya."

Mikono ya mjane ilianza kuikunja ile pamba, ikaikunjua, ikaikunja tena.

"Mama," Inspekta alisema. "Ulisikia nini?"

Koplo alikuwa ameacha kutazama dari.

"Nyumba iliniita," mjane alisema. "Usinicheke, mwanangu. Iliniita kwa jina langu la ndani. Sio hili mnaloliona kwenye kitambulisho. Jina alilonipa mume wangu tulipooana, na hajawahi kulitamka mbele ya mtu, hata mtoto wetu halijui. Likaitwa, kutoka mle ndani. Nywele zilinisimama. Nikasema, mume wangu anaandika Jina, na mtu anayeandika Jina hasemi. Basi hiki si yeye. Kitu kinachojua jina langu hilo na si yeye, si cha kuitikia. Kikaita tena. Nikashika kigoda kwa mikono miwili nisiinuke. Mara ya tatu ilikuwa ndogo, kama mtu anayeongea na mto wake. Kisha redio ya jirani ikaanza taarifa ya habari ya saa kumi. Hakikuita tena. Lakini mpaka leo nasikia. Ndiyo hiyo pamba."

Saa kumi. Inspekta alihesabu kurudi nyuma, ingawa alijua jibu kabla ya kuhesabu. Mtu aliyeongea dakika chache kabla ya saa kumi alipigwa baada ya saa tisa na dakika arobaini. Binti wakati huo alikuwa kiwanda cha ngozi ng'ambo ya mji, na msimamizi wa kiwanda alikuwa ametia saini kulithibitisha hilo. Aliyekuwa chumbani alikuwa mtu mmoja, aliyeamini kwamba wanaokufa hunong'ona. Mtu aliyemgonga mzee, akamwona hanyanyuki, akachora herufi nne kwenye pengo lililokuwa karibu ili ionekane mzee alikuwa akiliandika Jina, akatoka na uongo mmoja ambao katika nyumba nyingine yoyote usingedumu dakika mbili.

Shahidi alikuwa mbele yake. Inspekta alitamani, kwa moyo wake wote, awe na kazi nyingine yoyote. Kumwokoa binti kulihitaji maelezo yaliyotiwa saini kwamba sauti ile ilikuwa ya marehemu, na mama huyu hangeweza kuyatia saini bila kuelewa. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu.

"Mama, hakuwa akiandika. Hakwenda birikani siku ile. Taulo lilikuwa kavu." Alisema polepole, hakuona njia nyingine. "Profesa alikudanganya. Alijua ukiambiwa vile, hata ukisikia, hutainuka."

Mjane alimtazama. Hakulia. Uso wake ulibaki vile vile, ila kitu kilitoka ndani yake, na Inspekta alikiona kikitoka.

"Kwa hiyo alikuwa yeye," alisema.

"Alikuwa yeye."

"Mume wangu aliniita. Mara tatu."

"Ndiyo, mama."

"Na ningefungua?"

Koplo alikuwa amegeuka kuelekea ukutani. Inspekta aliikumbuka sauti ya daktari iliyoacha kutafuna.

"Sijui, mama," alisema. "Hilo hakuna anayelijua." Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa shahidi kwa miaka kumi na tisa, na hakuujutia.

Mjane aliinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake ilikuwa kavu na imenyooka. "Kalamu unayo? Andika. Nilisikia mume wangu ananiita kabla ya habari za saa kumi. Niliitambua sauti, nikajikataza. Sikuitika. Andika hivyo hivyo, sikuitika, usinipunguzie."

Inspekta akaandika. Alipofika mahali pa jina lililoitwa, kalamu ikasimama.

"Mahakama itataka kujua alikuitaje."

"Hilo hapana. Sema mtoto wangu atoke, nitawapa kila kitu, hilo hapana. Acha nafasi."

Akaacha nafasi, upana wa kucha mbili. Mjane akasoma karatasi yote, akatia saini. Inspekta akampa Koplo karatasi, akamwagiza aitume kwa mwendesha mashtaka kisha atume gari kwa fundi saa, wamkamate kabla hajafunga duka. Koplo alikwenda mbio kuliko ilivyokuwa desturi yake. Kwa nusu saa wanawake wale wawili, Inspekta na mjane, walikaa wakisubiri simu. Ile pamba ilikuwa imeanguka sakafuni na hakuna aliyeiokota.

Saa saba na dakika ishirini simu ya Inspekta ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo mara mbili, kisha akamnyooshea mjane ile simu.

"Ni yeye. Wamemwachia."

Mjane aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Inspekta alisikia kwa mbali sauti ya binti, nyembamba ndani ya chombo kile, ikisema, "Mama?"

"Abee," mjane alisema.

Binti alikuwa ameanza kueleza jambo, lakini mama hakuwa amemaliza. Macho yake yalikuwa kwenye ule ujia wa kuelekea chumbani.

"Abee," alisema tena, kwa nguvu zaidi. Na baada ya hapo, kwa sauti ndogo kabisa, "Abee, mume wangu."

Inspekta alisimama, akatoka nje taratibu, akauacha mlango wazi.